Habari za Lifti

Kwa miaka tisa, kila Jumapili saa tisa alasiri, mwandishi alikwenda nyumbani kwa kaka yake kusikiliza habari za lifti.

Kaka mtu alikuwa fundi. Alikagua na kutengeneza lifti za majengo ya ofisi, za hospitali, na moja ya hoteli ambayo aliichukia kwa sababu ilizungushiwa vioo, na wageni walimtazama akifanya kazi kama samaki wa mapambo. Mwandishi alikuwa mdogo wake wa mwisho, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, karani katika bohari ya vipuri vya cherehani na mashine za kufulia. Kwao walimwita Mdogo, na hata mvi za kwanza zilipomtoka hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha jina hilo.

Nje ya bohari alijulikana kwa jambo jingine. Aliandika riwaya za fantasia, za nchi zisizokuwepo na viumbe wasiopata kuzaliwa, na vitabu vyake vilisomwa mpaka vikaachana na majalada yao. Wasomaji waliokutana naye walishangaa. Walitarajia mtu wa hereni kubwa na macho ya kuota mchana, wakakuta mama aliyevaa viatu vya kutembelea, kalamu nne mfukoni. Aliwahi kuulizwa redioni anapenda nini maishani. Akajibu bila kupepesa macho kwamba anapenda orodha za vipuri.

Mtangazaji alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kabatini kwake mlikuwa na vijitabu zaidi ya mia mbili vya maelekezo ya mashine ambazo hakuwa nazo wala hakutarajia kuwa nazo: trekta, mizani ya duka la dawa, mashine ya kukamulia ng'ombe. Alipenda michoro ile ambayo kifaa kimefunguliwa chote, kila skrubu ikielea hewani na namba yake, kana kwamba mashine imepasuka kwa adabu. Ngome ya malkia katika kitabu chake cha kwanza ilitoka kwenye mchoro wa pampu ya maji. Alipenda pia kuotesha kangaga kwenye makopo, na kusikiliza mpira redioni bila kujali nani anacheza na nani, kwa ajili tu ya ile pumzi anayoivuta mtangazaji kabla ya bao. Siku nyingine alikwenda kukaa kwa fundi viatu, akimuuliza majina ya nyundo zake. Mazimwi hayakumshughulisha sana.

"Zimwi ni rahisi," alimwambia yule mtangazaji. "Kazi ni kujua nani anafagia pango lake."

Kaka yake hakumtaja redioni, ingawa kwake ndiko alikochota zaidi.

"Lifti haipandi peke yake," kaka alimwambia Jumapili moja ya mwanzoni. "Upande wa pili kuna mzigo wa chuma. Wewe ukipanda, wenyewe unashuka. Sisi kazini tunauita pacha."

"Abiria wanauona?"

"Abiria wanaona vitufe, na sura zao kwenye kioo. Basi."

Kesho yake, wakati wa chai pale bohari, mwandishi aliandika ukurasa wa kwanza wa habari za Nchi ya Shimo. Watu wa nchi hiyo wanaishi kwenye kuta za shimo refu, tabaka juu ya tabaka, wala hakuna aliyeona chini yake. Kila anayezaliwa ana pacha aliyefungwa upande wa pili wa mnyororo. Mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Wanapishana mara moja tu maishani, katikati, na hapo wanapata nafasi ya kuamkiana na si zaidi.

Kaka hakuvisoma vitabu hivyo. Alisema yeye anasoma mita na vibao vya hatari. Lakini alifurahi kuulizwa. Mkewe, kila alipowaona wamesogeza viti karibu, alisema, "Haya, wameanza na machuma yao," akajiondokea kwenda kwa jirani. Kaka alieleza kelele ya kamba iliyochoka, harufu ya breki zilizoungua, na vitu vinavyookotwa chini ya shimo la lifti: funguo, sarafu, meno ya bandia, mara moja pete ya ndoa ambayo mwenyewe alipoletewa alisema si yake. Mwandishi alisikiliza, na akifika kwake aliandika kwenye kadi ndogo.

Habari ya Twiga kaka aliitoa bila kuulizwa. Ilikuwa Jumapili ya mvua. Mkewe alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa.

Twiga alikuwa mwenzake wa kazini kwa miaka kumi na mmoja. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mfupi kuliko mafundi wote wa kampuni, mpaka akitaka kufikia sanduku la swichi alipanda juu ya boksi la vifaa. Siku zote alikuwa na penseli sikioni. Viatu vyake alivifunga kwa waya wa simu, maana kamba za viatu, alisema, zinakufa mapema. Tena aliomba radhi kwa kila kitu. Akigonga mlango kwa bega, aliuambia mlango samahani.

Siku hiyo walikuwa wamesimama juu ya paa la lifti, ghorofa ya tisa, wakibadilisha magurudumu ya mlango. Kaka alishika tochi. Twiga alikuwa ameufungua mkanda wake wa usalama ili ageuke, jambo la sekunde mbili ambalo kila fundi amewahi kulifanya. Spana ikamponyoka.

"Samahani," Twiga alisema, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye foleni. Akainama kuifuata kwa mkono, na mguu wake wa nyuma haukukuta kitu. Kaka akabaki anamulika mahali pasipo na mtu.

"Hakupiga kelele?" mwandishi aliuliza.

"Hakupiga. Alisema samahani, basi."

"Umewahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

Kaka akainua kikombe, akakuta chai imepoa, akainywa hivyo hivyo. Mwandishi aliaga mvua ilipokatika. Alipofika kwake aliandika kadi moja, mbele na nyuma. Hakuigusa tena kwa miezi minane, na baadaye alipojitetea moyoni aliihesabu miezi hiyo kana kwamba ilikuwa ruhusa.

Katika kitabu cha tatu mlikuwa na fundi wa minyororo, mtu mfupi kuliko wote katika Nchi ya Shimo, aliyeitwa Mlima. Viatu vyake vilifungwa kwa waya. Kuelekea mwisho mnyororo mkuu unalegea, Mlima anapanda kuukaza, koleo linamponyoka, anasema "samahani," na anashuka akipita tabaka zote alizowahi kuzitengeneza. Kitabu hicho kilitia fora. Barua zilikuja kwa mafungu. Msomaji mmoja aliandika kwamba alishindwa kwenda kazini siku mbili.

Mwaka mmoja baadaye kaka alipasuliwa goti, akaambiwa akae nyumbani wiki tatu. Hakuwa amezoea kukaa. Alimsumbua mkewe kuhusu bawaba za kabati, akaifungua pasi iliyokuwa nzima. Binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi na wakati huo alikuwa likizo, akaona amtulize kwa kumsomea kitabu cha shangazi yake.

Mwanzoni ilikuwa burudani. "Mnyororo haukatiki hivyo," kaka alisema. "Mwambie shangazi yako, unaanza kutoa vumbi jekundu kwanza." Aliupenda mzaha wa yule anayefagia pango la zimwi. Siku ya nne wakafika kwa Mlima.

"Rudia hapo," kaka alisema.

Binti akarudia.

"Viatu amevifunga na nini?"

"Na waya, baba."

Akamwacha aendelee mpaka kwenye koleo na lile neno. Halafu akasema, "Funga kitabu." Binti alimuuliza kama goti linamuuma. Akasema ndiyo.

Jumapili mwandishi alikuja na pakiti ya biskuti kama kawaida. Wifi yake ndiye aliyefungua mlango.

"Kaka yako yuko ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi simo."

Kaka alikuwa ameunyoosha mguu juu ya kigoda. Kitabu kilikuwa mezani.

"Nilikuambia wewe," alisema. "Sikuwaambia watu."

"Nilibadilisha jina, kaka. Nilibadilisha nchi nzima."

"Umemwita Mlima. Mtu mfupi umemwita Mlima. Unadhani sisi wajinga?"

Mwandishi alikaa. Alisema jambo aliloliamini, kwamba alimpenda Twiga kwa jinsi alivyosimuliwa, na kwamba alitaka asisahaulike.

"Nani alimsahau? Alikuwa kwangu. Umeingia ukamtoa bila hodi." Kaka aliusogeza mguu kwa mikono miwili. "Na mke wake je? Unajua nilimwambia nini siku ya mazishi? Nilimwambia mumewe alimwita. Neno lake la mwisho lilikuwa jina la mkewe. Akanishika mkono akaniomba nirudie, nikarudia, mbele za watu. Sasa umeandika samahani, na kila mtu anasoma."

"Hukuniambia hilo."

"Ningekuambia, lingekuwa ukurasa wa ngapi?"

Mwandishi alikaa dakika chache zaidi kwa ajili ya heshima, akaaga.

Aliendelea kwenda kila Jumapili. Kaka hakumfukuza, wala hakumnunia. Alimpa chai, alizungumza habari za goti, za mfereji wa bati unaovuja, za timu iliyofungwa. Mwandishi akiuliza habari za kazi, alijibu, "Kazi ipo." Zikapita Jumapili tano za namna hiyo. Kitabu cha nne kilisimama ukurasa wa kumi na tisa. Alifungua vijitabu vyake, lakini mashine zile zilizopasuka kwa adabu zilibaki mashine. Alikwenda kwa fundi viatu akakaa bila kuuliza kitu, mpaka fundi akamuuliza yeye kama ana kiatu cha kushona au amefukuzwa nyumbani.

Kitabu kingeweza kusubiri. Kilichomkosesha raha ni yule mjane wa Twiga. Alijua alipo: alikuwa na duka la fotokopi mbele ya lango la chuo. Alhamisi moja akaomba ruhusa bohari, akapiga moyo konde, akaenda asubuhi.

Lilikuwa duka la chumba kimoja, mashine mbili, kaunta ya kioo yenye rula na bahasha. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri kazi yake ifungwe kwa waya wa plastiki. Mjane alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mwandishi alilitazama rundo la karatasi lililokuwa mbele yake, bado lina joto la mashine, akaitambua sentensi ya juu. Ilikuwa yake. Kitabu cha tatu, sura ya kwanza.

Mjane alimkabidhi mwanafunzi kazi yake, akangoja atoke.

"Wewe ni mdogo wake fundi," alisema. "Picha yako ya nyuma ya kitabu nimeitoa nakala mpaka nimeizoea. Unatoka umeungua, lakini pua ni hiyo hiyo."

"Ndiye mimi."

"Basi umenikamata. Wanaleta kitabu kimoja, wanaondoka nacho darasa zima."

"Sikuja kwa hilo."

"Najua hukuja kwa hilo. Kaa."

Mwandishi alikaa kwenye kiti cha wateja. Njiani alikuwa amepanga maneno, lakini neno la kwanza kumtoka lilikuwa samahani, na alipolisikia akanyamaza katikati.

"Hata wewe," mjane alisema, na midomo ikamcheza kidogo.

Akaeleza mwenyewe. Kitabu alikisoma pale pale, amesimama, ukurasa mmoja mmoja unavyotoka kwenye mashine. Alipofika kwenye viatu alijua. Waya ule aliutoa yeye, kwenye simu yao ya zamani iliyokufa. Akaendelea kutoa nakala na kusoma mpaka kwenye koleo.

"Kaka yangu alikuambia kwamba..." mwandishi alianza.

"Kwamba aliniita jina. Ndiyo. Dada, mume wangu hakuniita jina hata siku moja. Aliniita 'wee.' Wee, chai iko wapi. Wee, umeona penseli yangu? Na penseli iko sikioni. Nilijua pale pale makaburini kwamba shemeji ananidanganya. Nikamwomba arudie nione kama ataweza. Akarudia, maskini, jasho linamtoka."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambieje? Mtu kakuletea nguo ya zawadi, utamvulia hapo hapo umwonyeshe haikutoshi?" Aliifuta kaunta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Ila nilibaki sijui alisema nini. Miaka yote hiyo. Nikaja kujua hapa, mteja ananiuliza kama rangi ipo. Samahani! Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Halafu nikafunga duka."

"Ulikasirika?"

"Wiki nzima. Siyo kwa hilo la samahani. Umemchukua mume wangu ukampa mke mwembamba anayeimba. Mimi naimba? Niangalie."

Mwandishi alimwangalia. Alikiri kwamba mke wa Mlima alimtunga tu, kwa kuwa hakuwa na habari zake.

"Ungekuja kuuliza. Duka liko wazi kuanzia saa mbili." Mjane alivaa miwani, akalipanga rundo la kurasa kwa kuligonga kwenye kioo. "Wewe umechukua mume wangu, mimi nimechukua kitabu chako. Ningesema yaishe, lakini hayajaisha. Mwambie shemeji aje. Tangu mazishi ananipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara kama askari wa trafiki."

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya mwandishi kusimulia. Kaka alisikiliza bila kumkatiza, macho kwenye goti lake.

"Alijua?" aliuliza mwishoni.

"Tangu makaburini."

"Na akaniacha nirudie."

"Alikuacha."

Kaka alipumua kupitia pua. Ilikuwa karibu kicheko, lakini hakikufika. "Kumbe sijui kusema uongo," alisema. Kisha akamgeukia. "Hili halikutoi kwenye kosa, Mdogo. Na kwake umekwenda bila kuniuliza. Mara ya pili hiyo."

"Najua."

"Habari za lifti zimekwisha. Njoo tu, chai ipo, mimi ni kaka yako. Lakini zile zimekwisha."

Mwandishi alisema amesikia. Wifi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo kwa muda ambao nguo hazikuhitaji, akaingia akauliza nani anataka chai.

Kaka alikwenda dukani Jumanne, na fimbo yake. Mwandishi hakuwepo. Anachokijua alikipata kwa simu kutoka kwa mjane, jioni ya siku ile. Kaka alikataa kiti. Aliuliza hali ya watoto, akajibiwa. Aliuliza tena. Ndipo karatasi zikakwama kwenye mashine ya pili, na bila kuombwa akafungua ubavu wake, akapiga goti zima, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akiwa hivyo, amempa mjane mgongo, akaianza siku ile tangu asubuhi yake, tangu walipopishana na Twiga getini na Twiga akamwomba radhi kwa kuwahi. Alisema yote. Wateja watatu walikuja, mjane akawarudisha kwa mkono.

"Kuna jambo moja alilisema halimo kwenye kitabu chako," mjane alimwambia mwandishi. "Hilo sikupi."

"Sitaliandika."

"Hata hivyo."

Kwenye simu ilisikika mashine ikifanya kazi.

"Halafu mwambie," mjane aliongeza, "mashine imepona, lakini tangu aifunge inatoa mstari mweusi pembeni. Aje aimalizie."

Mwandishi alimfikishia kaka yake ujumbe. Kitabu cha nne kilimchukua miaka mitatu, na kinahusu watu wanaokinga mvua. Cha tatu kilipochapwa upya, mke wa Mlima alikuwa amenenepa, anavaa miwani ya uzi, na haimbi. Wasomaji kadhaa waliandika kulalamika kwamba yule wa kwanza alikuwa na mvuto zaidi. Kaka bado anakagua lifti, ingawa sasa hapandi tena juu ya paa la lifti, na Jumapili saa tisa mdogo wake huwa hapo, wakizungumza habari za mfereji wa bati, ambao umetengenezwa mara nne na bado unavuja.